Kidonge cha Kengele na Chai ya Fundi

Stendi ya mabasi huamka mapema. Wachuuzi hupanga chupa za maji. Madereva hufuta vioo. Wapagazi hugombania mizigo. Kisha sauti ya mwanamke hutoka kwenye vipaza sauti, na kila mtu hutega sikio.

"Abiria wa kaskazini, basi lenu liko mlango wa tatu. Mama mwenye sanduku jekundu, usikimbie, halikuachi!"

Watu hucheka. Mama mwenye sanduku jekundu hucheka pia, na hupunguza mwendo.

Mwenye sauti hiyo aliitwa Kengele. Jina hilo alipewa na madereva, kwa sababu sauti yake ilikuwa safi na ilifika mbali. Alikaa kwenye chumba kidogo cha vioo juu ya ofisi ya tiketi. Kutoka pale aliona mabasi yote na milango yote.

Mumewe alikuwa fundi wa viti vya mabasi. Karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Alishona vifuniko, akajaza sponji, akapigilia misumari. Kutwa nzima alimsikia mkewe akiita abiria.

"Fundi, mbona huna redio hapa?" wateja walimuuliza.

"Redio yangu niliioa," alijibu.

Basi mwaka mmoja ile sauti ikaanza kukwaruza. Kengele alidhani ni mafua. Lakini mafua gani hayo yasiyoisha? Halafu baridi ikamwingia. Wenzake walijipepea kwa magazeti, yeye alivaa sweta na bado vidole vilikuwa vya baridi. Nywele zilibaki kwenye kitana. Ngozi ilikauka. Choo kilikuwa kigumu. Hedhi ilikuwa nzito na ndefu kuliko zamani. Asubuhi aliamka amechoka kama mtu aliyebeba mizigo usiku kucha.

Wifi yake alikuja kuwatembelea, akamtazama usoni.

"Wifi, umenona! Kaka yangu anakulisha nini?"

Kengele alicheka kidogo. Hakusema kwamba siku hizi anakula nusu sahani tu. Usoni hakuwa amenona. Alikuwa amevimba.

Akaenda hospitali. Na hapo ndipo ninapopandwa na hasira kila ninapoisimulia habari hii.

Daktari wa kwanza hakuinua kichwa. "Unakohoa?"

"Sikohoi, daktari, ila sauti yangu..."

"Meza hii dawa ya koo. Mwingine aingie!"

Daktari wa pili alimsikiliza kidogo zaidi. "Una kazi? Una familia? Basi ni mawazo hayo, mama. Punguza mawazo, upumzike."

Wa tatu alipima damu yake, akakuta imepungua. Akampa vidonge vya kuongeza damu. Kengele akavimeza, na uchovu ukabaki palepale. Alianza kujiuliza kama kweli anaumwa, au amekuwa mvivu tu na hajijui.

Daktari wa nne ndiye aliyeweka vidole kwenye shingo yake. "Meza mate," alisema. Akapapasa tena. Akaagiza kipimo kingine cha damu. Majibu yalipotoka, alisema, "Mbele ya shingo kuna tezi. Inaitwa tezi dundumio. Yako inafanya kazi kidogo mno. Ndiyo maana umepoa na umechoka. Meza kidonge hiki kila asubuhi."

Kengele alitaka kuuliza mambo mengi. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na daktari alikuwa ameshashika faili la mgonjwa mwingine. Akatoka. Hata hivyo alitoka na furaha. Ugonjwa wake ulikuwa na jina. Hakuwa mvivu.

Nyumbani, Fundi alisikiliza kila neno. "Hiki kidonge hutakisahau hata siku moja," alisema. "Niachie mimi."

Na kweli, hakusahau. Kila asubuhi alichemsha chai ya maziwa. Alichukua kifuniko cha chupa ya chai, akaweka ndani yake kidonge cha tezi pamoja na vile vidonge vya damu. Alimpelekea mkewe kitandani, akasimama pale mpaka vyote vishuke.

"Fungua mdomo nione," alimtania.

"Mimi si mtoto!"

"Fungua tu."

Miezi ikapita. Hali haikubadilika. Kipimo cha damu kikarudiwa, na majibu yalikuwa mabaya vilevile. Daktari akaongeza dozi. Kikarudiwa tena, bado mabaya. Akaongeza tena. Safari iliyofuata alimtazama Kengele kwa jicho kali.

"Mama, tuambizane ukweli. Wewe dawa humezi."

"Nameza, daktari. Kila siku."

"Dozi hii yote, na damu yako iko vilevile? Wagonjwa wengi husema wanameza. Unatupotezea muda, na unajipotezea muda."

Kengele alitaka kujitetea, lakini siku hizi hata maneno yalikuja polepole. Aliinuka akatoka. Kwenye korido alisimama ukutani akalia, na watu wa foleni wakajifanya hawamwoni.

Wiki hiyohiyo likatokea baya zaidi.

Bibi mmoja alikuwa anakwenda kaskazini kumzika dada yake. Basi la kaskazini lilikuwa mlango wa tatu, na Kengele aliliona kwa macho yake. Lakini kichwa kilikuwa kizito, na ulimi ukatamka "mlango wa nne." Bibi hakujua kusoma. Alipanda basi la mlango wa nne, likampeleka kusini. Alipojua, dada yake alikuwa ameshazikwa.

Bibi alirudi stendi. Hakutukana. Alimwangalia Kengele, akasema tu, "Mwanangu, nilikuamini." Afadhali angetukana.

Msimamizi wa stendi akamwita Kengele ofisini.

"Zamani watu walikuja hapa kukusikiliza wewe," alisema. "Sasa unakoroma kama gari bovu. Unataja mlango ambao sio. Nimeagiza mashine. Ina sauti iliyorekodiwa. Ikifika, itatangaza yenyewe, na wewe ukikosea mara moja tu, nakutoa chumba cha vioo."

"Naumwa, bosi. Natibiwa."

"Unatibiwa tangu lini? Mbona huponi?"

Kengele alitoka ofisini. Alirudi nyumbani akamweleza mumewe yote, ya bibi, ya msimamizi, na mwisho ya daktari. Akafunika uso kwa kanga.

"Fundi, mimi nimechoka. Sitarudi kwa yule daktari. Na vidonge vyake sivitaki tena. Kama kumeza na kutomeza ni sawa, nameza ya nini?"

Fundi alisimama. Damu ilikuwa inamchemka. "Amekuita mwongo? Wakati mimi ndiye ninayekupa kwa mkono wangu? Vaa viatu. Kesho haitafika kabla hajanisikia."

"Utagombana na daktari?"

"Nitagombana na yeyote."

Walifika wakati foleni inakaribia kwisha. Fundi hakungoja kuambiwa akae.

"Daktari, mimi ni mume wa huyu. Umemwita mke wangu mwongo."

"Baba, punguza sauti."

"Sipunguzi! Yeye sauti yake imekwisha, ndiyo maana nimekuja na yangu."

Muuguzi alichungulia mlangoni. Daktari aliinua mkono kumtuliza, lakini uso wake ulikuwa umekaza. "Baba, mimi naongea kwa vipimo. Dozi ninayompa inatosha watu wakubwa kuliko yeye. Vipimo vinaonyesha dawa haimo mwilini."

"Na mimi naongea kwa macho yangu! Kila asubuhi natia vidonge vyote kwenye kifuniko. Cha tezi, vya damu, vyote. Namimina chai ya maziwa ya moto. Nasimama mbele yake mpaka ameze. Hata mdomo namfungulisha. Sasa niambie, mwongo ni yeye au ni mimi?"

Kalamu ya daktari ilisimama.

"Rudia," alisema taratibu.

"Nirudie nini? Mwongo ni..."

"Hapana. Ulivyompa. Anameza na nini?"

"Na chai ya maziwa. Ili visimkwaruze."

"Pamoja na vidonge vya damu? Kwa wakati mmoja?"

"Kwa wakati mmoja. Ili asisahau."

Daktari aliiweka kalamu mezani. Kwa mara ya kwanza Kengele alimwona akiegemea kiti na kuwatazama wote wawili.

"Mama, hukusema uongo," alisema. "Dawa unameza. Ila tumboni inanaswa. Vidonge vya damu vina madini ya chuma. Maziwa yana madini yake. Hayo hukishika kidonge cha tezi, na sehemu kubwa yake inatoka bila kuingia kwenye damu. Mimi nikaongeza dozi juu ya dozi bila kuuliza unavyoimeza. Nilipaswa kuuliza siku ya kwanza. Nisamehe."

Miezi yote ile! Machozi yalimtoka Kengele, na sijui yalikuwa ya hasira au ya kushusha pumzi.

Lakini aliyeumia zaidi alikuwa Fundi. Aliketi polepole, mikono yake minene juu ya magoti. "Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Mimi na chai yangu."

"Baba, si kosa lako, hukuambiwa namna ya kumpa," daktari alisema. "Sikiliza sasa. Asubuhi ameze kidonge cha tezi peke yake, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu. Asubiri kama saa moja. Ndipo anywe chai na kula."

"Na vidonge vya damu?"

"Vya damu ameze baadaye, yakishapita masaa manne au zaidi. Hata vidonge vya mifupa na baadhi ya dawa za kiungulia ni hivyohivyo. Kila akipewa dawa mpya, aseme kwamba anatumia hiki."

Kengele alipiga moyo konde. Safari hii hakutaka kuondoka na maswali yake. "Daktari, kama sasa dawa itaingia yote, hii dozi kubwa haitanizidi?"

Daktari alimtazama kwa heshima. "Swali zuri. Ingekuzidi. Moyo ungeenda mbio, ungetetemeka, ungekosa usingizi. Narudisha dozi ndogo ya mwanzo. Moyo ukienda mbio hata hivyo, njoo mara moja. Tutapima tena baada ya wiki sita hadi nane, kwa sababu dawa hii hufanya kazi polepole. Usiiache mwenyewe, hata ukijisikia mzima. Wengi huimeza maisha yao yote. Na ukipata mimba, njoo mapema, maana dozi hubadilika."

"Na sauti yangu?"

"Kwa wengi hurudi. Sitakuahidi siku. Isiporudi, tutalitazama koo lenyewe."

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Asubuhi Fundi alileta kidonge kimoja na glasi ya maji. Kisha waliketi wakitazama chupa ya chai iliyofungwa, mmoja huku na mmoja kule.

"Inanukia vizuri," Kengele alisema.

"Usiiangalie," Fundi alijibu. Hata yeye hakuigusa mpaka saa ilipotimia.

Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika. Ya pili pia. Mashine ikafika stendi. Mafundi wakaifunga kwenye chumba cha vioo, karibu na kiti cha Kengele. Ilikuwa na sauti ya mwanamke asiyechoka wala kucheka. Kengele aliachiwa kipaza sauti kwa dharura tu. Alikaa pembeni, mikono mapajani, akisikiliza kazi yake ikifanywa na sanduku.

Kisha, polepole, siku moja alivua sweta. Siku nyingine alipanda ngazi za ofisi bila kusimama katikati. Choo kikalainika. Uso ukapungua. Alipokwenda kupima, daktari alisoma majibu na kutabasamu. Dawa ilikuwa imeingia. Lakini sauti bado alikuwa hajaijaribu. Aliogopa.

Asubuhi moja lori liliharibika mbele ya mlango wa tatu. Basi la kaskazini likahamia mlango wa tano. Mashine haikujua. "Abiria wa kaskazini, mlango wa tatu," ilisema, ikarudia, ikarudia tena. Watu wakakimbilia mlango wa tatu na kukuta lori. Wakaanza kusukumana. Mzee mmoja mwenye fimbo alizunguka katikati yao, akiuliza huyu na yule, na hakuna aliyemjibu. Basi la mlango wa tano likawasha injini.

Msimamizi alipanda ngazi mbio. "Kengele! Fanya kitu!"

Kengele aliizima mashine. Alishika kipaza sauti. Alimwona mzee. Akamkumbuka yule bibi. Akavuta pumzi.

Ng'ambo ya barabara, Fundi alikuwa ameinua nyundo kupigilia kiti.

"Abiria wa kaskazini, basi lenu limehamia mlango wa tano. Nasema wa tano! Dereva, ngoja. Na wewe mzee wangu mwenye fimbo, usikimbie, halikuachi!"

Stendi nzima ilicheka. Mzee aliinua fimbo juu kushukuru, akaelekea mlango wa tano kwa mwendo wake.

Nyundo ya Fundi ilikuwa bado hewani. Mteja alimtazama kwa mshangao. "Fundi, vipi?"

Fundi aliishusha nyundo polepole, akaugeuza uso wake ukutani.

"Redio yangu," alisema. "Imepona."