Mafundi Watano, Habari Moja

Mwanangu ni fundi makochi. Anapiga fremu, anaweka sponji, anavika kitambaa. Alikuwa akiamka alfajiri, anakunywa chai, anabeba nyundo yake, huyo karakana. Mkwe wangu alifua na kupika. Mimi nilibaki na wajukuu wawili, nikiwategea vitendawili ili wasimsumbue mama yao.

Kisha mwenye karakana akauza jengo. Mlango ukapigwa kufuli. Mafundi watano wakabaki nje na nyundo zao.

Hao watano ni marafiki wa kufa na kuzikana. Mwanangu, Misumari, Mzee Gundi na wengine wawili walijifunza kazi pamoja na wameoa mtaa mmoja. Ukimwona mmoja, umewaona wote. Siku ile walishikana mikono wakaapa. Atakayesikia kazi awaambie wenzake, na hakuna atakayekwenda kuomba peke yake. Lilikuwa neno zuri. Nani angelilaumu?

Kila asubuhi mwanangu aliendelea kuaga. Lakini sasa alikwenda kukaa na wenzake kwenye ngazi za karakana iliyofungwa. Jioni alirudi mikono mitupu.

"Umesikia nini leo?" mkewe alimuuliza.

"Misumari anasema kiwanda cha magodoro kinataka mtu."

"Hilo si ulilisema jana?"

"Jana alisema Mzee Gundi. Leo kasema Misumari."

"Na Misumari kaambiwa na nani?"

Mwanangu akakuna kichwa. "Na mimi."

Tulicheka. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka nyumbani mwetu kwa muda mrefu.

Wakaenda kiwandani, wote watano. Mlinzi alifungua kidirisha cha geti akawatazama.

"Nafasi ni moja. Ninyi mmekuja kuomba kazi au mmeleta posa?"

"Tukipata tutapokezana, kaka," Misumari alisema.

"Kazi si kata ya maji, bwana, mpokezane!"

Kidirisha kikafungwa. Ikawa hivyo kila walipokwenda. Walisikia habari moja, wakagonga mlango mmoja, wakarudi pamoja.

Njaa haina adabu. Iliingia bila hodi. Tulianza kuruka mlo wa mchana, kisha na wa asubuhi. Mkwe wangu alikuwa msemaji, akanyamaza. Siku moja akakunja nguo zake.

"Baba watoto, nakwenda. Nimepata kazi ya kulea mtoto, mji wa mbali."

"Uache wako ukalee wa watu?"

"Wangu wanakula nini?"

Mwanangu akambebea begi hadi stendi.

Pale stendi, mjukuu wangu mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, alikamata mtandio wa mama yake. Ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja. Mkwe wangu hakugeuka nyuma. Angegeuka, asingeondoka.

Tangu siku ile mwanangu aliacha hata kwenda kwenye zile ngazi. Alilala akiutazama ukuta. Nikimwita, anaitika "naam, mama," lakini haamki. Mtu mzima akilala hivyo, nyumba nzima inalala.

Jirani yetu tunamwita Mama Ajira. Alifanya kazi ofisi ya kazi mpaka akastaafu. Alikuja kuniomba kaa la moto, akamwona mwanangu amelala.

"Mwanangu, unatafutaje kazi?" alimuuliza.

"Nimeshatafuta, shangazi. Hakuna."

"Sikuuliza ipo au haipo. Nimeuliza unatafutaje. Unamuuliza nani?"

"Wenzangu."

"Na wao wanamuuliza nani?"

"Mimi."

Mama Ajira akamgeukia mjukuu wangu mkubwa. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai!"

"Basi baba yako na wenzake ni yai. Hakuna pa kuingilia."

Akaokota kipande cha mkaa. Akachora sakafuni vidoti vitano, akaviunganisha vyote kwa mistari.

"Hawa ni ninyi. Kila mmoja anamjua kila mmoja. Habari ikiingia hapa inazunguka tu, na wewe unadhani ni habari tano." Akachora kidoti kingine, mbali, na mstari mmoja mwembamba. "Huyu ni mtu mnayesalimiana tu. Si rafiki. Lakini yeye ana watu wake, usiowajua wewe. Habari mpya inapita hapa. Pale ofisini nilikuwa nawauliza waliopata kazi: nani alikuambia? Wengi walisema, si rafiki yangu hasa, ni mtu ninayemfahamu tu."

"Kwa hiyo niwaache rafiki zangu?"

"Thubutu! Ukiugua nani atakubeba? Ni hao hao. Lakini msikae wote ngazi moja. Kila mmoja aende upande wake, jioni mkutane."

"Mimi namjua nani, shangazi? Mimi fundi tu."

"Makochi yako wanakalia mbuzi?"

Mwanangu akaanza kuwataja wateja wake, polepole. Mwenye duka la dawa. Mwalimu wa kwaya. Kinyozi wa kule sokoni, ambaye viti vyake alivivika kitambaa kipya. "Lakini huyo sijamwona siku nyingi. Atasema namkumbuka kwa shida zangu."

"Aseme. Maneno hayavunji mfupa."

Kesho yake alioga, akaenda. Kinyozi hakuwa na kazi ya kumpa. Lakini alikuwa akimnyoa mtunza stoo wa hospitali, na mteja huyo alikuwa amelalamika kwamba vitanda vya kupimia wagonjwa vimepasuka ngozi, sponji iko nje. Kinyozi akampeleka kwa mtunza stoo huyo. Mwanangu akapewa vitanda, na baada ya vitanda, mabenchi. Akamwita Misumari amsaidie.

Wenzake nao walitawanyika. Mmoja alipata kwa fundi wa mabasi, na mwingine kwenye duka la majeneza, kazi ya kuvika kitambaa ndani. Mzee Gundi hajapata hadi leo. Sitawadanganya, wasomaji wangu. Njia hii haiumbi kazi. Inakuonyesha tu kazi iliko, kama ipo.

Mwanangu alimpigia simu mkewe arudi. Lakini mkewe alikuwa amewapa waajiri wake neno la miaka miwili, akalitimiza kwanza.

Alirudi mchana mmoja, amekonda, begi begani. Mwanangu alikimbia kumpokea. Mtoto mdogo, ambaye sasa anatembea na kusema, alijificha nyuma ya gauni langu.

"Bibi," akauliza, "huyu nani?"

Mkwe wangu aliweka begi chini. Akachuchumaa pale mlangoni, mbali kidogo, asimtishe. Akanyoosha mkono kama anayesalimia mgeni.

"Hujambo?" akamwambia.

Mtoto alichungulia kutoka nyuma ya gauni langu. Kisha akaupokea ule mkono.