Waya Mfupi

Jumamosi mchana, ghorofa ya chini ya jengo la vifaa vya umeme huwa haipitiki. Kila duka linapiga muziki wake, wauza spika wanashindana nani atakuziba masikio kwanza, na mtu akitaka kusogea lazima apite ubavuubavu. Katika vurugu hiyo, mbele ya kibanda cha Mama Redio, mikono miwili ilishika pedali moja ya gita, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti, kwa wakati mmoja.

Mkono mmoja ulikuwa wa dada mwembamba mwenye miwani ya duara na gauni la kijani lenye mifuko mikubwa. Siku za kazi alikata na kusaga vioo vya miwani katika duka la mtaa wa juu. Akirudi nyumbani alifunga mlango na kupiga gita lake la umeme kwa sauti ya kunong'ona, asije akawakera majirani. Mkono wa pili ulikuwa wa mwanamume mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi likapigika, na kucha zake ndefu zimesuguliwa kuliko za bibi harusi. Lakini ni mkono wa kulia tu, ule wa kukwanyulia nyuzi. Wa kushoto ulikuwa na kucha fupi kama za watu wengine.

"Samahani kaka, mimi nimeiona kwanza."

"Wewe umeiona kwanza, mimi nimeishika kwanza."

"Kwa kucha hizo? Hata ukiwa mtaa wa pili utashika kwanza!"

Mama Redio alicheka mpaka kiti kikalia. "Msigombane, wanangu. Hiyo ni kompresa, na ina mwenzake." Akainua pedali nyingine ya rangi ya chungwa. "Hii ni ovadraivu. Zililetwa pamoja na zitaondoka pamoja. Siuzi moja moja."

"Mimi nataka kompresa tu," walisema wote wawili kwa mpigo, kisha wakatazamana, na yule dada akaona aibu bila kujua aibu ya nini.

Ikabidi wanunue kwa kuchangia. Wakakubaliana kwamba mmoja akae na kompresa, mwingine na ovadraivu, na kila Jumamosi wabadilishane hapohapo kibandani. Yule dada akampa mwenzake jina la Kucha. Naye Kucha, aliyepiga gita la solo katika bendi ya hoteli, akamwita Miwani. Tangu siku hiyo majina waliyopewa na wazazi wao yakapumzika.

Kwa asiyejua mambo haya, kompresa ni pedali ya upole. Ukigonga uzi kwa hasira, inakutuliza. Ukiugusa kwa woga, inakuinua, na noti inabaki hewani ikielea kama haina pa kwenda. Ovadraivu ndiyo mkorofi. Inaichukua sauti safi na kuipasua kidogo, ikawa na mkwaruzo kama wa mtu aliyelia usiku kucha na asubuhi anaimba. Miwani alizipenda zote mbili. Ila kwa makubaliano yale, hakuna aliyewahi kuzisikia pamoja.

Desturi yao ilizaliwa bila kupangwa. Jumamosi ya kwanza Kucha alipompa ile ya chungwa, vitufe vyake vya kuzungusha vilikuwa palepale alipoviacha, ukali umepandishwa mpaka mwisho. Miwani akachomeka gita, akagusa uzi mmoja, akaruka. Mara moja akapiga simu.

"Wewe! Wiki hii nani kakuudhi?"

"Umejuaje?"

"Masikio yangu yamejua. Karibu niwe kiziwi."

Kucha akacheka. "Mpiga ngoma wetu ametutoroka. Nilikuwa na hasira, nikamaliza zote humo."

Kuanzia hapo hawakugusa vitufe kabla ya kukabidhiana. Ulivyoacha, ndivyo mwenzio anavyopokea. Miwani akijilaza kitandani na gita kifuani aliweza kuipitia wiki nzima ya Kucha kwa vidole: hapa alikuwa na furaha, hapa alichoka, hapa alivuta noti ndefu kwa sababu alimkumbuka mtu. Na mtu huyo ni nani? Swali hilo lilimfanya atabasamu peke yake kazini, mashine ya kusagia ikizunguka na maji yakimtiririka vidoleni, mpaka bosi wake akamuuliza kama yule mteja wa asubuhi alimwachia pipi.

"Laazizi," Kucha alimwambia siku moja kwenye simu, neno limemtoka kabla hajalipima.

"Nani huyo?"

"Hapana, nilikuwa... naongea na gita."

"Basi liambie gita limesikia."

Wakapendana hivyo, kwa utani na kwa vitufe. Jumamosi zikawa fupi na siku nyingine zikarefuka. Mama Redio akaweka kiti cha pili kibandani bila kuombwa.

Kisha Kucha akabadilika. Ghafla akawa mtu wa kukwepa. Miwani akipiga simu, anajibu haraka haraka, mara yuko na watu, mara anaangalia mahali.

"Mahali gani?" Miwani aliuliza.

"Jumamosi utajua."

"Nitajua nini?"

"Utajua tu, Miwani. Usinibane."

Hilo la usinibane lilimchoma. Alilala nalo, akaamka nalo.

Jumamosi ilipofika alivaa lile gauni la kijani, akapaka wanja, akaenda mapema. Kucha hakuwapo. Mama Redio alimnyooshea kifurushi cha kitambaa cheusi. "Dada yake kaleta, yule anayepiga gita la besi kwenye bendi yao. Alikuwa na haraka, hata salamu hakumaliza."

Miwani akafungua kitambaa juu kidogo tu, akaona uso wa kompresa. Vitufe vyote vilikuwa kwenye sifuri.

Alivitazama mpaka miwani ikaingia ukungu. Mtu aliyemwambia kila kitu kwa vitufe hivi, leo hana la kumwambia. Kanyamaza kabisa, na hata kunyamaza kwenyewe kamtuma dada yake. Basi ndilo hili aliloambiwa atalijua.

Akatoa ovadraivu mkobani. Alikuwa ameiacha na ukali mdogo na toni ya joto, kazi ya wiki nzima ya kumpenda mtu. Akavirudisha vitufe sifuri, kimoja baada ya kingine, akaikabidhi kwa Mama Redio.

"Akija mpe."

"Mbona mwanangu unalia?"

"Vumbi, mama."

Nyumbani akakiviringisha kifurushi kilivyokuwa, akakisukuma chini ya kitanda, akazima simu. Gita likabaki ukutani. Jumamosi iliyofuata hakwenda. Aliwasha simu jioni, akiwa amejiandaa kukasirikia simu zake zote alizokosa, akakuta hakupigiwa hata moja. Hiyo iliuma zaidi.

Siku ya kazi, mwanamke mnene mcheshi akaingia dukani kutengeneza miwani. Alipotoa mkono kuipokea fremu, Miwani aliona ncha za vidole vilivyokomaa kwa nyuzi nene, nyuzi za besi. Alikuwa dada yake Kucha.

"Wifi!" alisema kwa sauti ya chini, si ya furaha. "Au nisikuite hivyo? Umemjibu mdogo wangu vibaya sana."

"Nimemjibu nini? Yeye ndiye aliyezima kila kitu!"

"Kazima nini?"

"Vitufe! Vyote sifuri!"

Yule dada akakunja uso, halafu akajishika mdomo. "Vitufe nilivizima mimi."

Fremu ikamponyoka Miwani.

"Sisi wa bendi hatuwezi kumpa mtu pedali ikiwa wazi," dada aliendelea, akizidi kujilaumu. "Akichomeka bila kujua inampasua masikio. Hata sikuwaza, mikono yenyewe ilizungusha. Kumbe kwenu ni barua! Jamani, nimeua watu."

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Amejificha nyumbani kwa woga. Anangoja jibu lako. Badala yake Mama Redio anamtumia ovadraivu iliyozimwa. Tangu siku ile haongei." Akamtazama vizuri. "Kwani ule waya hukuuona?"

"Waya gani?"

Hakuaga. Bosi aliita mara kadhaa, lakini Miwani alikuwa ameshafika barabarani na koti la kazi mwilini. Nyumbani alikivuta kile kifurushi chini ya kitanda, akakifungua safari hii mpaka mwisho. Chini ya kompresa, katika mkunjo wa mwisho wa kitambaa, palikuwa na waya mpya wenye vichwa viwili vya dhahabu. Ulikuwa mfupi kuliko kiganja chake. Ni ule waya wa kuunganisha pedali mbili zilizo bega kwa bega. Kwa watu wanaokaa nyumba mbili hauna kazi yoyote.

Miwani akakaa sakafuni, akacheka, akalia, akacheka tena. Kisha akabeba gita na kompresa, akatoka kwenda kwa Kucha huku akipiga simu.

Iliita sana kabla hajapokea.

"Kucha."

Miwani akazidisha hatua, simu kaibana begani.

"Huu waya wako ni mfupi mno. Haufiki kutoka kwangu hadi kwako."

"Najua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo lazima mmoja wetu ahame. Au wote. Nimepata vyumba viwili vyenye kuta nene. Ndiko nilikokuwa nikiangalia. Lakini nilidhani umekataa."

"Sikuuona, mpenzi. Niliona sifuri, nikafa hapohapo. Nipo nje, fungua mlango, mikono imejaa."

Kucha akafungua, simu bado sikioni. Alikuwa amekonda, shati halijapigwa pasi. Miwani akautazama mkono wa kulia. Kucha zote zilikuwa zimekatwa.

"Umezifanya nini?"

"Nimezikata. Sikuwa na wa kumpigia."

Hapo Miwani akaweka vitu vyote chini, akamkumbatia kwa nguvu mpaka miwani ikapinda. Walisimama hivyo mlangoni, jua la alasiri likiwapiga miguuni.

Ndani walizipanga pedali sakafuni.

"Mkorofi aanze?" Miwani aliuliza.

"Mpole kwanza, mkorofi amfuate. Ndivyo wanavyosikilizana."

Wakachomeka ule waya mfupi katikati, wakavipandisha vitufe pamoja, mkono wake juu ya wa mwenzake.

"Na jina sasa?" alisema Miwani akiliweka gita pajani. "Kucha huna. Nikuiteje?"

"Niite mume."

Miwani akagusa uzi mmoja. Noti ikatoka laini, ikajaa, ikapata mkwaruzo mdogo pembeni, ikaelea chumbani kati yao. "Jibu nitakupa ikiisha," alisema.

Haikuisha. Kompresa iliishika, ovadraivu ikaipasha moto, nayo ikabaki hewani ikizunguka pazia na dari, mpaka mwanamume akashindwa kuvumilia.

"Izime basi hiyo kompresa!"

"Subira."

Ilififia polepole, ikawa uzi mwembamba, ikapotea. Miwani alikuwa amefumba macho.

"Haya, mume," alisema. "Anza kufuga kucha."