Hodi Chini ya Theluji

Siku ile ilianza kwa ugomvi wa soksi. Mdogo wangu Murhula alikuwa anafunga begi sebuleni kwetu Toongabbie, mtaa wa Sydney. Mimi, dada yake mkubwa, yaya wake kama tunavyosema Bukavu, nilitaka abebe jozi sita. Yeye alishikilia kwamba tatu zinatosha, akabeba hizo tatu tu. Ilikuwa Juni 2021, majira ya baridi huku Australia. Ghala alikofanya kazi lilipunguza watu kwa ajili ya korona, naye akapata kibarua cha kusafisha nyumba za wageni milimani kule Snowy Mountains, kabla msimu wa watalii wa theluji haujachangamka. Mkewe alishafariki, kwa hiyo binti yao Ornella, wa miaka saba, angebaki nami. Mtoto huyo alielewa Kiswahili chote, ila kujibu ni Kiingereza tu, na jambo hilo lilimkera sana baba yake.

"Siku moja utanijibu Kiswahili," alimwambia akimbusu.

"Maybe, Papa."

Baada ya siku tisa alirudi, na hakuniangalia usoni. Alinisimulia jikoni kwa kunong'ona, mikono ameizungushia kikombe cha chai.

Theluji ya mwanzo wa msimu iliwahi kuanguka, ikaganda, ikawa punje punje kama sukari. Kisha ikaja nyingine nzito juu yake, lakini hazikushikana. Msimamizi wao aliwakataza kukanyaga mteremko wa nyuma. Mkisikia theluji inaguna chini ya miguu, aliwaambia, ondokeni. Koleo la Murhula la kuondolea theluji likateleza huko, naye akalifuata. Saa nne asubuhi, jua linawaka. Theluji ikaguna. Halafu, chini ya buti zake, kitu kikagonga mara tatu.

"Kikasema hodi, yaya. Kiswahili kabisa. Na mimi, mudomo ikatangulia. Nikasema karibu."

Nani kwetu asingesema? Tumelelewa hivyo. Mteremko mzima ukaporomoka, ukapita kushoto na kulia kwake, ukamwacha amesimama. Wakahesabiwa wafanyakazi, wote wapo. Hakuna aliyefukiwa.

"Tangu ile siku nasikia baridi tu," akasema. "Mutu akipiga hodi hapa, usijibu. Ata kama ni mutu ya kanisa."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Siku chache baadaye Sydney ikafungwa, wageni marufuku. Alasiri moja nilikuwa nakaanga vitunguu huku nangoja chakula ambacho watu wa kanisa walikuwa wakituachia mlangoni. Mlango ukagongwa mara tatu.

"Hodi."

"Karibu!" nikaitika bila hata kugeuka.

Nilipofungua hapakuwa na mtu wala chakula. Pale pa kufutia miguu palikuwa na bonge la theluji. Toongabbie hakuangukagi theluji.

Murhula akaja, akaliona. Hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi.

"Umeingiza ile kitu ndani," akanong'ona. "Imebakia milango ya vyumba."

Sote wawili tukatazama mlango wa Ornella.

Kesho yake mchana mtoto alikuwa chumbani, anasoma kwa laptop. Tulikuwa tumemkataza kujibu hodi kwa lugha yoyote. Sisi tulikaa koridoni, migongo ukutani. Baridi ikatangulia. Kisha maji yakajitokeza kwenye zulia. Hatua moja. Nyingine. Zikasimama mlangoni kwake.

Ko. Ko. Ko.

"Hodi, Ornella."

Ilikuwa sauti ya Murhula. Na Murhula alikuwa kando yangu, midomo ameifumba.

Ndani, kiti kikasogea. "Papa?"

Murhula akasimama. "Hapana kwake," akasema. "Ni mimi nilikukaribisha. Karibu kwangu."

Akaingia chumbani kwake, akafunga. Nikasikia mguno mmoja. Nikausukuma mlango.

Nilimkuta sakafuni, nguo zimeloa, amekufa. Daktari aliniuliza mara mbili mwili ulihifadhiwa wapi, maana mdomoni kulikuwa na barafu. Tulimzika watu kumi tu, ndivyo sheria ilivyoruhusu.

Nikahamia Cabramatta na Ornella. Niliogopa nyumba ile, na niliogopa zaidi mdomo wangu mwenyewe.

Juni iliyofuata theluji iliwahi tena milimani, wakatoa onyo la maporomoko. Asubuhi hiyo nilikuwa uani naanika nguo. Kupitia dirishani nikasikia mlango wa Ornella unagongwa mara tatu.

"Hodi, Ornella."

Sauti ya mdogo wangu, ile ya utani. Nikatupa nguo, nikakimbia.

"Usijibu! Ornella, usijibu!"

Nilichelewa. Mtoto aliyekuwa hajawahi kujibu Kiswahili maishani mwake alisema, waziwazi:

"Karibu, papa."

Nilimkuta ameketi kitandani, mzima, anatabasamu. Kwenye zulia kulikuwa na nyayo za buti, mbichi, kutoka mlangoni hadi kitandani. Za kutoka hazikuwepo.

Tangu siku hiyo mwalimu wake ananipigia simu kuuliza kwa nini hazungumzi tena Kiingereza. Ninasema ni huzuni, itapita. Jana alikaa nami jikoni, mikono yake midogo ameizungushia kikombe cha chai. Hakuniita tantine, yaani shangazi, kama siku zote.

"Yaya," akanong'ona, "ulisema kweli. Soksi tatu hazikutosha."