Sauti Kabla ya Jumatatu

Siku ya gulio Lushoto kila muuzaji hupiga kelele. Jenoveva hakupiga kelele, aliimba bei ya matunda yake mekundu, makubwa kama yai. "Matunda damu haya, matamu haya, fungu mia mbili!" Sefania, fundi redio, alikuwa kibandani kwake akichomea waya wa spika. Akainua kichwa kumtafuta mwimbaji, akaunguza kidole.

"Dada, sauti hiyo unaiuza shilingi ngapi?"

"Haiuzwi, kaka. Inaazimwa tu, na wewe huna dhamana."

"Ninayo. Tazama, nimeungua kidole kwa ajili yako."

"Tia mate, kitapoa."

Alivaa gauni la kijani na sweta iliyokatika kifungo, na shingoni alizungusha kitambaa cheupe. Lushoto kuna baridi. Nani angeuliza habari za kitambaa? Sefania alinunua mafungu manne. Gulio lililofuata akarudi, na lililofuata pia. Kufikia Pasaka ya mwaka ule wa 2004 walikuwa wachumba ambao hawajajitangaza, na mji mzima ulijua.

Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kushika huku milimani, na kompyuta kuukuu za Ulaya ziliuzwa kama mitumba. Sefania alikuwa na simu, na kompyuta aliiweka chumbani, akirekodia kwaya kwa maiki ya kutangazia mikutano.

Mwezi Juni Jenoveva alimjia nyumbani asubuhi, akakaa kwenye kigoda bila kutania.

"Nina rovu, mpenzi wangu. Uvimbe uko hapa chini ya kitambaa. Unanibana pumzi, nalala nimekaa. Jumatatu ya wiki ijayo wanaukata."

Sefania alinyoosha mkono. Jenoveva akaurudisha.

"Usiguse. Umekaa karibu na mishipa ya sauti. Daktari hakunidanganya: sauti inaweza kubaki, inaweza kubadilika, inaweza kwenda moja kwa moja. Sitaki unililie. Nataka uiweke mahali."

Wakarekodi palepale kwa maiki ile ya mikutano. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyefunikwa ndani ya debe. Jenoveva alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo siyo mimi," akasema, akabeba kikapu chake na kuondoka.

Jumatano Sefania alikuwa Kariakoo. Muuza duka alimpangia maiki tatu za kondensa, zile za studio, juu ya meza. Ya bei rahisi Sefania aliifungua kichwa, akakuta kidonge cha kunasia sauti kama cha redio kaseti. "Ukondensa wa hii umeandikwa kwenye boksi tu," akasema. Ya bei ghali, hata kuishika aliogopa.

"Chukua hii ya kati," muuza duka alimshauri. "Ya Kichina, lakini kiwambo chake kipana. Inasikia mpaka sisimizi. Laki na ishirini."

Sefania alikuwa na elfu tisini. Akaweka simu yake mezani kujazia. Muuza duka akamrushia mkewe simu hiyo, na Sefania, kwa haraka ya kuwahi basi, akasahau kutoa laini. Hakuuliza maiki inatumiaje umeme. Fundi mzima aulize?

Alhamisi jioni akaichomeka. Kimya. Akasoma karatasi ya kwenye boksi kwa kidole, mstari kwa mstari: maiki hii hailii mpaka ipelekewe volti arobaini na nane kupitia waya wake. Miksa yake kuukuu, mashine ya kuchanganyia sauti, haikuwa nazo. Amenunua ng'ombe wa maziwa, nyasi hana. Ijumaa nzima alijifungia, akibomoa redio mbovu moja baada ya nyingine, akitafuta chochote chenye volti hizo. Hakupata.

Ijumaa hiyohiyo Jenoveva alipiga simu kutoka kibanda cha stendi.

"Hallo?" Sauti ya mwanamke.

"Namwomba Sefania."

"Sefania ndiyo nani? Hii simu nimepewa na mume wangu."

Jumamosi Sefania alipanda mpaka kwao Jenoveva. Mama yake alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jenoveva anasema hayupo."

Kutoka ndani: "Akaimbiwe na huyo mwenye simu! Nimemwambia nina rovu Jumanne, Ijumaa ana mke!"

"Simu niliiuza, Jeni! Nimenunulia maiki!"

"Iko wapi?"

Sefania akatazama viatu vyake. "Ninayo. Lakini ni bubu."

Mama alimtazama fundi yule mwenye macho mekundu, vidole vimejaa malengelenge ya risasi ya kuchomea. Akasema polepole, "Mwongo angesema inafanya kazi. Kesho tukitoka misa tutapita kwako. Keshokutwa alfajiri tunakwenda hospitali. Hakuna siku nyingine."

Njiani kurudi, Sefania alipita dukani kununua mshumaa, akaona betri ndogo za redio zimepangwa kwenye rafu. Volti tisa. Tisa mara tano, arobaini na tano; pungufu tatu tu. Akasimama kama aliyepigwa kofi. Akaacha mshumaa, akanunua betri.

Jumapili chumba chake kilikuwa kimetundikwa mablanketi na magunia kila ukuta. Betri tano zilifungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli. Jenoveva aliingia na mama yake, hakumsalimu mtu, akasimama mbele ya maiki, akaimba neno moja. Sindano ya miksa ikaruka.

Sefania akafumba macho, akasikiliza. Kisha akayafumbua. "Kuna kitu kinakwaruza."

Walimfukuza kuku nje. Bado. Mama akavua viatu. Bado. Kila Jenoveva alipovuta pumzi, kwaru, kwaru.

Jenoveva alielewa kabla yao.

"Ni kitambaa," akasema. Macho yakamjaa. "Sitaki ulione."

"Basi tuache."

"Tukiacha nitakuwa na nini?"

Akakifungua mwenyewe, taratibu. Rovu lilikuwa kubwa kama tunda damu lililoiva. Sefania hakutazama pembeni wala hakusema neno tamu. Alishusha maiki kwa upana wa vidole vitatu, akarudi kukaa.

"Vuta pumzi, laazizi. Imba."

Aliimba wimbo wa Kishambaa aliobembelezewa na mama yake, kisha akaimba bei ya matunda. Mama alilia ndani ya kanga ili maiki isisikie.

Siku ya kumi baada ya kukatwa, daktari alimruhusu aongee. Sefania alikuwa pembeni ya kitanda. Ilitoka sauti nzito, yenye mchanga.

"Unaisikia? Siyo ile uliyoungulia kidole."

"Ile iko kwenye sidii, nimempa mama yako," Sefania alisema, akimshika mkono. "Mimi nataka hii. Hii ndiyo ya kuniita nikale, na kunigombeza nikisahau laini. Utanioa, au niendelee kula hotelini?"

"Mwanamume ndiye anayeoa, mjinga wewe," Jenoveva alikwaruza, na kicheko kikamkwama kooni, kikauma, kikatoka.