Sauti za Bi Anfal

Kila jioni duka lao la udi likifungwa, kazi ya Zeina ilikuwa kupeleka ufunguo wa akiba kwa jirani, Mzee Elimringi. Mtaa wao wa Kariakoo ulizoea hivyo: wa kwako unalala kwangu, wa kwangu unalala kwako.

Mchana, akitoka shule, alikaa nyuma ya magunia ya ubani na kompyuta yake. Alikuwa akitengeneza programu ya kutunza sauti za bibi yake, Bi Anfal, akieleza namna ya kuchanganya udi. Udi huo ndio uliolisha nyumba yao, na siri yake aliijua bibi peke yake.

Dada Joyceline, aliyemfundisha kompyuta, alimwelekeza: kila sauti ifungwe, asiye na ufunguo asisikie neno. Ufunguo wenyewe, msururu wa herufi na tarakimu, utunzwe na huduma ya mtandaoni.

"Hata ukiwa unajaribu tu hapa dukani. Umenisikia?"

"Nimesikia, dada."

Kusikia alisikia; kutii ndiyo iliyokuwa kazi. Sauti ya kwanza waliifunga pamoja, vizuri. Baadaye bando la Zeina likaishia kwenye video za kusuka nywele, na huduma ile haikufanya kazi bila intaneti. Akatunga ufunguo wake mwenyewe, akafungia nao sauti zote zilizofuata, akauweka kwenye folda ya majaribio, humo humo kwenye kompyuta.

"Bado unatumia ule wa mtandaoni?" Joyceline aliuliza siku moja.

"Ndiyo, dada." Uongo ukateleza kama bamia.

Bibi akafariki kabla ya mfungo. Udi ulipokaribia kwisha, baba yake Zeina, Saif, akavuta kigoda. "Haya mwanangu, tumsikilize mama."

Zeina akabonyeza. Kimya. Akabonyeza nyingine. Kimya. Ndipo akakumbuka: kompyuta ilikuwa imejaa, naye alikuwa ameifuta ile folda yenye ufunguo ili apate nafasi.

Joyceline alikuja, akahangaika mpaka jua likazama. "Mbona ulisema ufunguo uko mtandaoni?"

"Nilikudanganya, dada."

"Basi hizi hazifunguki. Si kwangu, si kwa fundi yeyote. Imebaki ile ya kwanza."

Wakaifungua. Bi Anfal akakohoa. "We Zeina, hiki kidubwasha kinanisikia au kinanichungulia tu? Haya, mambo ya udi kesho. Leo nimechoka."

Baba alicheka, kisha akajifuta macho kwa kanzu.

"Tutauza udi wa watu wengine," alisema. "Lakini sikiliza, mwanangu. Ufunguo hauwekwi ndani ya sanduku unalolifunga, ndiyo maana wa duka unaupeleka kwa jirani kila jioni. Na ungesema kweli siku ile ulipoulizwa, dada yako angekurekebisha bibi akiwa hai. Uongo umetuponza kuliko kompyuta."

Zeina akachukua ufunguo wa akiba, akavuka kibaraza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Leo umechelewa, mjukuu wangu."

"Ndiyo, babu," alisema Zeina. "Nimechelewa."