Eliwaza na Zamu ya Kusubiri

Asubuhi ya Ijumaa, Mama Eliwaza alikuwa uani anaosha tangawizi. Kichwa kilikuwa kinamuuma, na si kwa sababu ya baridi ya kijijini kwao Myamba. Kilimuuma kwa sababu ya mume wake.

Jina lake yeye ni Hedwiga, lakini tangu amzae Eliwaza hakuna anayemwita hivyo isipokuwa mchungaji. Mume wake ni Mzee Zebedayo. Ni mtu mwema. Halewi, hagombani na majirani, na shamba lake la tangawizi ni safi. Ila mdomo wake hauna breki. Anasema kwanza, anauliza baadaye. Na tangu binti yao aajiriwe kuwa rubani wa ndege za abiria huko Dar es Salaam, jamani, mdomo huo haukupumzika.

Alisema sokoni. Alisema kanisani. Alimwambia hata dereva wa lori la tangawizi, mtu asiyemjua jina. Matokeo yake watu wakaanza kuleta maombi yao. Mama mmoja alileta kuku wawili, Eliwaza ampelekee shangazi yake Mwanza, eti kwa kuwa ndege ni yake. Mwalimu wa kwaya aliuliza kama Eliwaza anaweza kupita juu ya kanisa siku ya mavuno, awapungie waumini mkono.

Lakini la wiki hii lilizidi.

Jumamosi ilikuwa siku ya msaragambo. Huku Upare, msaragambo ni kazi ya wote. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa watu, wanakwenda na majembe. Safari hii kazi ilikuwa ni kuzibua ndiva, yaani bwawa la kuhifadhi maji ya mashamba, pamoja na mfereji wake. Kila nyumba ilipewa kipande chake cha mfereji. Nyumba isiyotoa mtu itasemwa mpaka watu wachoke wenyewe.

Basi Jumapili Mzee Zebedayo akasimama kanisani, bila kumuuliza mtu, akatangaza:

"Jumamosi rubani wetu atakuwepo kwenye ndiva! Atachimba kipande chetu kwa mikono yake. Baada ya kazi, karibuni nyumbani. Mbuzi yupo!"

Watu walipiga makofi. Mama Eliwaza aliinamisha kichwa. Watu wakadhani anasali.

Eliwaza alikuwa ameshasema kwa simu kwamba hawezi kuja. "Baba, Ijumaa na Jumamosi niko zamu ya kusubiri."

"Unasubiria wapi?" baba yake aliuliza.

"Nyumbani kwangu. Nasubiri simu ya kazini."

"Nyumbani! Kumbe umekaa tu. Njoo basi."

Wiki nzima ilikuwa wimbo huo huo. Mama Eliwaza alijaribu kumtetea binti yake, lakini hata yeye hakuelewa. Mtu anaendaje kazini kwa kukaa nyumbani? Akabaki kusema, "Baba Eliwaza, mwache mtoto." Na mzee hakumwacha.

Sasa, asubuhi hiyo ya Ijumaa, simu ya Mama Eliwaza ililia. Alijifuta mikono kwenye kanga, akapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Mama, baba ameamkaje? Bado anatapika?"

Mama Eliwaza aligeuka. Mzee Zebedayo alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, anakula kiporo cha makande na chai ya tangawizi. Hiyo ilikuwa sahani ya pili.

"Kutapika nini?"

"Jana alinipigia. Alisema yuko taabani, niwahi nimkute. Akasema nisiage kazini, maana wataninyima ruhusa. Mama, niko ndani ya basi la Same. Bado halijaondoka."

Hasira zilimpanda Mama Eliwaza mpaka masikio yakapata joto. Alibonyeza simu itoe sauti kubwa.

"Baba Eliwaza! Unaumwa nini wewe?"

Mzee Zebedayo alitafuna polepole. "Kifua," alisema, akajitia kukohoa.

"Kifua! Na hayo makande yanapitia wapi?"

"Mama Eliwaza, usipige kelele. Watu nimeshawaalika. Ndugu zangu wa Makanya wanapanda huku mlimani leo. Mbuzi huyo hapo, anakutazama. Na mtoto mwenyewe amekaa tu ndani, anaangalia simu. Hiyo ni kazi? Kazi ni mtu atoke jasho!"

Eliwaza alisikia yote. "Kwa hiyo baba ni mzima," alisema.

"Mzima wa afya. Anaongeza chai."

"Mungu ashukuriwe." Kisha akaanza kulia. "Mama, sasa nifanye nini? Bado niko kwenye miezi ya majaribio. Wakiniita leo wakanikosa, kazi sina tena. Miaka yote ile niliyosoma inakwenda na maji. Lakini baba ameshatangaza kanisani. Nisipokuja nitakuwa nimemwaibisha mbele ya watu. Na bila ruhusa yake nitashukaje?"

"Usikate simu," alisema Mama Eliwaza. "Na wewe, Baba Eliwaza, inuka. Twende kwa Koleta."

"Koleta wa nini? Haya ni mambo ya nyumbani kwangu!"

"Ulipoyapeleka kanisani hayakuwa ya nyumbani kwako?"

Alitoka na simu mkononi, mwendo wa haraka. Mzee akamfuata nyuma akinung'unika.

Koleta ni jirani yao. Alifanya kazi miaka mingi kwenye uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, akipanga zamu za marubani. Alipostaafu alirudi nyumbani kulima. Anajua mambo, lakini subira yake ni fupi. Walimkuta anachagua mbegu za tangawizi.

"Shikamoo, dada Koleta," alisema Mama Eliwaza. Akamweleza yote kwa pumzi moja.

Koleta aliweka tangawizi chini. "Baba Eliwaza, kaa."

"Sina muda wa kukaa."

"Basi simama, ila nisikilize. Unadhani mwanao anaendesha ndege tangu siku aliyoajiriwa?"

"Si alimaliza chuo? Si ana leseni?"

"Anayo. Lakini chuoni alijifunzia ndege ndogo. Alipoajiriwa alirudishwa darasani. Alisoma taratibu za shirika. Alisoma namna ya kuwatoa abiria moto ukitokea. Kisha akasoma aina ya ndege atakayopewa, maana kila aina ina mafunzo yake. Hukuambiwa?"

"Aliniambia yuko darasani. Nilidhani anafundisha."

Mama Eliwaza alishika kichwa. "Ulidhani! Uliuliza?"

"Baada ya darasa," Koleta aliendelea, "kuna simuleta. Ni chumba kama sehemu ya mbele ya ndege. Hakiruki, kinaigiza kuruka. Mwalimu anamzimia injini moja. Akiweza hilo, anamletea moshi. Kisha ukungu, kisha upepo mbaya. Tena na tena, mpaka mikono izoee. Halafu ni mtihani. Wako wanaoishia hapo, wanarudi makwao."

"Baba," Eliwaza alisema kwenye simu, "nilikuwa natoka mle ndani nguo zimelowa jasho."

"Jasho?" Mzee Zebedayo aliuliza. Alionekana kushangaa.

"Jasho la kweli, baba."

"Akishapita," alisema Koleta, "ndipo anaruka na abiria. Pembeni yake amekaa rubani mwalimu, anamwangalia kila anachogusa. Kisha anapimwa tena. Akifaulu ndio anakuwa rubani msaidizi. Kapteni ni mtu mwingine. Ukapteni unakuja baada ya miaka."

Mzee Zebedayo alikohoa. Safari hii alikohoa kweli. "Mimi nimewaambia watu ni kapteni."

"Najua. Myamba yote inajua. Hata akiwa kapteni, kupimwa hakuishi. Kila baada ya muda anarudi kwenye simuleta. Daktari naye anampima. Huyu mtoto atafanya mitihani mpaka azeeke."

"Sawa, nimekubali amesoma. Lakini leo hafanyi kitu! Amekaa!"

Koleta alivuta pumzi ndefu. Mama Eliwaza akajua subira inaelekea kwisha.

"Nisikilize vizuri. Rubani ni binadamu. Asubuhi anaweza kuamka na homa. Abiria wako uwanjani, mizigo imepakiwa. Nani atapanda? Ni yule wa zamu ya kusubiri. Simu ikilia, anatakiwa afike uwanjani upesi. Awe karibu, awe hajanywa pombe, awe amepumzika. Zamu hizo zinawaangukia sana wageni kazini. Na sikukuu ni hivyo hivyo. Krismasi ya mwaka huu usimtegemee."

"Hata Krismasi!"

"Hata Krismasi. Wakubwa wanachagua kwanza. Nimepanga zamu hizo mimi, nikalaumiwa na wazazi kama wewe."

"Na huko kupumzika? Mtu analipwa alale?"

Koleta alisimama. "Yule dereva wa lori la tangawizi. Akikwambia hajalala tangu jana, utampa mzigo wako ateremke nao mpaka Bendera kule bondeni?"

"Kwa kona zile? Simpi hata gunia moja."

"Tangawizi humpi. Watu unampa?"

Mzee Zebedayo alivuta kigoda, akakaa bila kuambiwa tena. Mama Eliwaza hakuwahi kuona jambo hilo tangu waoane.

"Kupumzika ni sheria ya kazi yake," Koleta alisema, sasa kwa upole kidogo. "Rubani akichoka anatakiwa aseme, 'Leo sifai,' na hapandi. Wewe unataka apande basi mpaka Same, abadili gari mpaka huku, achimbe mfereji, kisha arudi aruke. Ungeikubali ndege hiyo wewe?"

"Na baba," Eliwaza alisema, "siku ukiumwa kweli, niambie ukweli. Nitamweleza mkuu wangu na nitapewa ruhusa. Kutoroka ndiko kutakakonifukuzisha. Na ukinidanganya leo, siku ya kweli nitakuaminije?"

Neno hilo lilimchoma mzee. Alivua kofia yake.

Kwenye simu ikasikika honi ya basi, na kondakta akiwaita abiria. Eliwaza aliongea haraka.

"Baba, basi linaondoka. Nishuke? Naomba useme wewe mwenyewe."

Mama Eliwaza alitaka kujibu yeye, akajizuia. Alitamani amtikise mume wake kama mti wa mapera.

"Shuka," alisema Mzee Zebedayo. "Shuka, mwanangu. Nenda ukalale. Kipande chako nitachimba mimi. Na watu nitawaambia mwenyewe."

"Asante, baba." Walimsikia akimwomba kondakta amfungulie mlango. Kisha simu ikakatika.

Mama Eliwaza aliketi chini, palepale kwenye tangawizi za Koleta, akashusha pumzi, akalia.

Alasiri simu ikalia tena. "Mama, nimeitwa! Rubani mmoja ameugua. Nimepata usingizi mzuri, sasa naelekea uwanjani. Ni Mwanza, kwenda na kurudi. Mwambie baba."

Mama Eliwaza alimwambia. Mzee alitazama jua. Kisha akasema, "Asingeshuka, angekuwa ameshafika wapi saa hizi?"

"Hapo Makanya, Baba Eliwaza. Ndani ya basi."

Kesho yake pembe ililia. Watu walijaa kwenye ndiva na majembe yao, na jicho la kila mtu lilikuwa linamtafuta rubani. Mzee Filemoni, msimamizi wa kazi, akapaza sauti: "Zebedayo! Kapteni yuko wapi?"

Mzee Zebedayo alipanda juu ya ukingo wa mfereji. "Si kapteni," alisema. "Ni rubani msaidizi. Na haji. Niliwatangazia jambo ambalo sikumuuliza. Yuko kazini, na kidogo nimponze." 

Watu walicheka. Walimtania mpaka jua likawa kali. Mwalimu wa kwaya aliuliza kama yule mbuzi naye ni wa kutangazwa tu. Alichimba kipande chote mpaka shati likashika mgongoni, na Mama Eliwaza akazoa tope nyuma yake. Mbuzi aliliwa jioni, na maji yakaingia mfereji.

Miezi ya majaribio ilipokwisha, Eliwaza alithibitishwa kazini. Alikuja likizo yake halali, kwa basi, akiwa ameaga wakubwa wake. Mwalimu wa kwaya alipomwomba apite juu ya kanisa, alimjibu mwenyewe, kwa heshima, kwamba ndege haipiti kila inapoombwa. Akamweleza kwa nini. Kuku wawili wa yule mama, waliobaki uani muda wote, walikuwa wameshataga na kuatamia, wakarudi kwake na vifaranga.

Kwa hiyo ungedhani kichwa cha Mama Eliwaza kimepona. Wapi! Siku hizi mgeni akifika uani kumuulizia Eliwaza, Mzee Zebedayo anaweka kidole mdomoni.

"Ongea taratibu," anasema. "Yuko kazini."

"Anaruka saa hizi?"

"Hapana. Amelala."

Kisha anamfukuza jogoo asiwike, na anamwambia mkewe aache kugonga sufuria.

"Baba Eliwaza!" anasema mama wa watu. "Yuko Dar es Salaam! Hasikii!"

"Najua," anajibu mzee. Na bado ananong'ona.