Mikono Chini ya Blanketi la Skogmo

Saa kumi na nusu jioni, mwezi wa Desemba, giza lilikuwa limeshaanza kulimeza shamba la akina Skogmo. Janelle alikuwa ametumwa sebuleni na kitambaa na chupa ya siki, akawafute vumbi mababu.

Ndivyo alivyosema baba mkwe wake. "Kawafute vumbi mababu. Watu wa jubilei watakuja kuwachukua kesho."

Orval Skogmo hakuwa mtu wa kuomba. Kaunti ilikuwa inatimiza miaka mia moja, na ukuta mzima wa maonyesho ulikuwa umetengewa ukoo wake, kwa sababu baba wa babu yake, Torger, ndiye Mnorwe wa kwanza kutia jembe katika nyika ile ya Dakota. Hadithi hiyo Janelle alikuwa ameisikia kila Jumapili mezani kwa miaka miwili, mpaka hata viazi vilikuwa vimepoteza ladha. Yeye alikuwa binti wa Pospisil, Mcheki Mkatoliki mwenye baa katika kaunti jirani. Kwa Orval hilo lilitosha kumfanya mgeni hadi siku ya kufa, na Janelle kwa upande wake alikuwa hajawahi kuona watu wanaojivunia makaburi kama wale.

Sehemu waliyoipenda zaidi ni ile ya Januari ya mwaka 1875. Tufani ya theluji ilipiga siku tatu. Ndani ya nyumba ya udongo na nyasi mlikuwa na Torger, mwanawe mchanga Halvor, na mkewe aliyekuwa na homa. Kuni ziliisha. Torger akachukua blanketi la sufu alilojifunika mkewe, akamfunga nalo mtoto kifuani mwake. Mtoto akapona na ukoo ukaendelea. Hapo Orval huwa anatua uma wake na kutazama wote waliokaa mezani.

"Huko ndiko kujitoa," husema.

Kujitoa kwa mwili wa mtu mwingine! Janelle alishawahi kuuliza yule mwanamke aliitwa nani. Hakuna aliyejua. Katika Biblia ya familia aliandikwa "mke".

Picha zilikuwa nne, zimepangwa mstari mmoja, kila moja katika fremu ya mti mweusi. Halvor, Tollef, Orval, na Curtis, ambaye sasa alikuwa mume wa Janelle. Wote walipigwa picha wakiwa wachanga wa miezi kadhaa, wote wamekalishwa juu ya blanketi lilelile la Torger, wote wamezungushiwa karatasi ngumu iliyokatwa tundu la umbo la yai, ili mtu aone mtoto na asione kingine. Kabla ya kesho angeongezwa wa tano. Anders, mwanawe, miezi sita, alikuwa amelala kwenye kikapu jikoni akisubiri zamu yake.

Alianza na Halvor. Alipokifuta kioo, fremu kuukuu ikaachia upande mmoja. Ile karatasi ngumu ikateleza na kuanguka sakafuni.

Picha ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani.

Mtoto hakuwa amekaa kwenye kiti. Alikuwa amekaa mapajani mwa mtu. Mtu mzima, amefunikwa blanketi kuanzia utosini hadi miguuni, kama fanicha ya nyumba iliyohamwa. Mikono miwili tu ndiyo ilikuwa imetokeza, imemshika mtoto kiunoni.

Janelle akatabasamu kwa dharau. Alikuwa amewahi kusikia habari hizo. Zamani picha ilichukua muda mrefu, mtoto alitakiwa atulie, basi mama alifunikwa amshikilie bila kuonekana. Akaona inawafaa sana watu hawa, kumtumia mwanamke kama kiti.

Akaigeuza nyuma. Kwa wino uliofifia paliandikwa: *Halvor. Aprili 1875.*

Aprili.

Mke wa Torger alikufa Januari.

Akasimama kidogo na kitambaa mkononi. Nje upepo ulikuwa unasugua theluji kwenye dirisha... shh... shh... Akashusha picha ya pili, akaitoa kwenye fremu kwa kisu cha siagi. Tollef, 1901. Blanketi lilelile, umbo lilelile lililofunikwa. Mikono iliyomshika mtoto ilikuwa minne.

Akaisogeza kwenye taa na kuhesabu tena. Minne.

Kwenye picha ya Orval mikono ilikuwa sita. Kwenye ya Curtis, iliyopigwa mwaka 1956 kwa kamera ya kisasa, safi, bila ukungu wowote, ilikuwa minane. Mingine ilikuwa na pete. Miwili ilikuwa myeusi kwenye ncha za vidole, kama ngozi iliyoungua kwa baridi. Na lile umbo chini ya blanketi halikuwa limenenepa hata kidogo. Lilitosha mtu mmoja.

Harufu ya sufu mbichi ilikuwa imejaa sebule nzima.

"Umezifungua."

Alikuwa Verna, mke wa Orval, amesimama mlangoni na aproni yake. Mke wa pili. Janelle akageuka, na ndipo jambo alilolisikia mara mia likakaa mahali pake. Wazaliwa wa kwanza wote wa Skogmo walilelewa na mama wa kambo. Orval mwenyewe hulifanyia utani: wake zetu wa kwanza hawana mapafu. Mke wa Halvor, homa. Mke wa Tollef, kisima. Mama yake Curtis alitoka kwenda kwenye sanduku la barua siku ya upepo, hatua mia mbili kutoka mlangoni, akapatikana majira ya kuchipua. Hakuna aliyefikisha mwaka baada ya picha.

"Mama," Janelle alinong'ona. "Aprili ile, nani alimshika mtoto?"

Verna alitazama nyuma kwanza. "Ardhi ilikuwa imeganda. Waliokufa majira ya baridi waliwekwa ghalani mpaka udongo ulainike. Hata nilipokuwa mdogo ndivyo ilivyokuwa."

"Na kwa hiyo?"

"Mpiga picha alikuwa anapita mara moja kwa mwaka. Na mtoto alikuwa hatulii kwa mtu mwingine yeyote..." Akafuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. "Mama mkwe wangu ndiye aliyenieleza. Yeye naye alikuwa wa pili."

"Ukanyamaza."

"Wa pili hafunikwi, binti. Halikunihusu."

Janelle alimtazama bibi yule, miaka ishirini na tano ya kukaanga nyama na kunyamaza, akatamani kumtemea mate. Lakini Orval alikuwa ameshaingia, na nyuma yake Curtis, amembeba Anders mkono mmoja na kamera mkono wa pili, ile aina inayotema picha papo hapo.

"Mwanga umeisha, tutatumia taa," Orval alisema. Blanketi lilikuwa begani kwake. Akalitupa juu ya mkono wa kiti. "Haya, we binti wa Pospisil. Kaa, ufunikwe."

"Sikai."

"Curtis, mwambie mkeo."

Curtis alikuwa na miaka ishirini na saba na alikuwa hajawahi kumwambia mtu chochote. "Ni dakika moja tu, mpenzi," alisema akitazama viatu vyake. "Ni mila."

"Hebu njoo uhesabu mikono kwenye picha yako, halafu uniambie ni mila gani."

Curtis hakusogea. Mtu anayekataa kutazama huwa ameshatazama siku nyingi, na Janelle akaelewa kwamba mumewe alijua, au alijua kiasi cha kutotaka kujua zaidi. Alikuwa tayari kumpoteza mkewe ili asigombane na baba yake. Mapenzi aliyokuwa nayo kwake yalimtoka palepale, bila kelele.

"Upuuzi wa Wakatoliki," Orval alisema. "Unaogopa sufu?"

"Mimi naogopa. Wewe je, mzee?" Janelle aliongea polepole. "Kila Jumapili unatuimbia kujitoa. Miaka mia na zaidi, Skogmo mwanamume hajawahi kukaa chini ya hilo blanketi. Mnawatanguliza wasichana wa watu. Huyu ni mjukuu wako. Mshike wewe."

Uso wa Orval ukawa mwekundu hadi shingoni.

"Kaa, Orval," Verna alisema.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya kumwambia mtu chakula kiko tayari. Orval akamgeukia kama mtu aliyeona kabati linaongea. Kisha akacheka puani, akaketi, akamnyang'anya Curtis mtoto.

Janelle alisogea amchukue mwanawe. Kisha akasimama. Watoto hawajawahi kudhurika, alijiambia. Katika zote nne, watoto walipona. Hakumzuia mzee. Yeye mwenyewe ndiye aliyelichukua blanketi na kumfunika mzee kuanzia utosini. Lilikuwa zito, na lilikuwa na unyevu.

"Piga," sauti ya Orval ilitoka chini ya sufu. "Linawasha."

Taa ikamulika. Kamera ikanguruma, ikatema karatasi yake. Anders hakulia. Alikuwa ametulia, anatazama mbele, kama wale wanne ukutani.

"Ngojeni itokee," Curtis alinong'ona. "Huenda amefumba macho..."

Wakasubiri. Karatasi ilikuwa ya kijivu, ikawa ya kahawia. Kiti kikatokea kwanza. Halafu mtoto. Halafu blanketi.

Halafu mikono.

Miwili mikubwa, ya Orval, yenye madoa ya uzee. Na minane midogo, ya kike. Hakuna hata mmoja kati ya ile minane uliomgusa mtoto. Yote ilikuwa imemshika Orval, kwenye vifundo vya mikono, kwa nguvu, mpaka ngozi yake imekunjamana.

"Baba?" Curtis aliita.

Janelle alishamnyakua mwanawe. Mtoto alikuwa na joto, mzima, analamba ngumi yake. Verna ndiye aliyelivuta blanketi.

Orval alikuwa amekaa wima, macho wazi. Kwenye nyusi zake na kwenye masharubu kulikuwa na barafu nyeupe. Jiko la mafuta lilikuwa linawaka hatua mbili kutoka alipokaa.

Daktari aliandika kuwa ni moyo. Barafu ilikuwa imeshayeyuka alipofika, na hakuna aliyemtajia. Picha ile mpya Janelle aliitia motoni pamoja na blanketi. Sufu ilichukua usiku kucha kuungua.

Walimzika Jumatano, kwa mashine ya kuchimbia, maana siku hizi ardhi iliyoganda haimsubirishi mtu. Baadaye, katika ukumbi ulio chini ya kanisa, wanawake walitandaza mikate ya nyama ya nguruwe na viazi vya maziwa, na mchungaji akasema Orval alikufa kama alivyoishi, amemshika mjukuu wake. Janelle alikula vizuri. Alijichunguza kama anajuta, akakuta hajuti. Alikuwa amelijua alilolifanya wakati anamfunika, na angelifanya tena.

Walipobaki wawili jikoni wakiosha vikombe, Verna alisema, bila kuinua kichwa, "Ulinifanyia nisichoweza kufanya mwenyewe. Ahsante."

"Sikukufanyia wewe."

"Najua." Akasuuza kikombe, akakiweka. "Nimekuwa nikifikiri tu. Miaka yote hii, yule mke wa Torger na wenzake wamekuwa wakichukua watu wa nje. Waliokuja kwa ndoa. Wenye damu yenyewe hawakuguswa hata mara moja. Nilidhani hawawezi."

Janelle aliacha kufuta.

"Kumbe walikuwa hawajaonyeshwa tu," Verna alisema. "Sasa wameonyeshwa. Nawe umewachomea hicho walichokuwa wanakaa chini yake."

Bomba lilikuwa linadondoka... tone... tone... Kutoka ukumbini ilisikika sauti ya Curtis ikipokea pole, na watu wakimpitisha Anders mkono hadi mkono.

"Wamebaki wangapi?" Janelle aliuliza, japo alijua.

"Wenye damu? Curtis." Verna akamtazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Na yule."

Janelle alitoka mbio hadi ukumbini, akampokonya mwanawe mikononi mwa bibi mmoja asiyemjua, akamkumbatia ndani ya koti lake. Mtoto alikuwa na joto lake la kawaida. Alimhesabia pumzi moja moja, huku watu wakipisha njia kwa heshima, wakidhani ni majonzi. Tangu siku ya harusi alikuwa amelidharau jina la Skogmo, na ndilo alilomwandikia mwanawe hospitalini, kwa mkono wake mwenyewe.